Mke Ndiye Afungue Mlango

Sehemu ya saba

Ufunguo ulizunguka mara mbili, na ndipo tulipoachana.

Aliyeuzungusha ni Tajudini, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Alikuwa ndani ya chumba cha mapatano pamoja na mkewe, Sikuzani. Nje, uani kwa Mzee Amissi, msuluhishi wa ndoa pale Buyenzi, Bujumbura, walibaki watatu: Mzee mwenyewe, Shakuru, mjomba wa Sikuzani aliyevuka mpaka kutoka Uvira, na Houda, dada mkubwa wa Tajudini. Shakuru alikuwa mpatanishi wa upande wa mke. Houda alikuwa mpatanishi wa upande wa mume.

Kwa anayeanza nasi leo, kanuni ya nyumba hiyo ni fupi. Mume na mke wakishasikilizwa, wazee hutoka na kuwaacha peke yao. Hiyo huitwa faragha. Anayefungua mlango ni mke, kwa mkono wake mwenyewe, na akiufungua maana yake amekubali kurudi kwa mumewe. Asipoufungua, wazee hungoja. Mzee Amissi aliirithi kanuni hiyo kwa baba yake, na kwa ugomvi wa wivu au wa mawifi imewahi kufaa sana.

Haikutungwa kwa ajili ya mtu kama Tajudini.

Houda alisukuma mlango. Haukutikisika.

"Mzee, amefunga na ufunguo."

"Mlango wa faragha unafungwa siku zote, Houda."

"Unarudishwa tu. Leo umefungwa. Nani alimupa ufunguo?"

Mzee Amissi alifikiri. "Unakaa kwenye kitasa, upande wa ndani. Toka marehemu baba, hakuna mtu aliyewahi kuugusa."

"Basi leo umeguswa."

Houda alikuwa na deni la neno. Siku chache nyuma alimfuata Sikuzani kule Gatumba, karibu na mpaka, katika chumba ambacho kuta zake bado zina mstari wa maji ya mafuriko. Alimkuta amefunga mfuko, asubuhi avuke kwenda Uvira na asirudi tena. Houda ndiye aliyemzuia. Alimwambia: "Rudi tusikilizwe mbele ya watu. Mi ni wa upande wa mume, lakini nitakuwa mulangoni. Akiinua mukono, naingia." Sikuzani alirudi Bujumbura kwa neno hilo, si kwa jingine.

Sasa Houda alikuwa mlangoni, na hakukuwa na pa kuingilia. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo.

Aliinua ngumi agonge. Shakuru akamdaka mkono.

"Mama, waache. Ni mume na mke, wanaongea yao."

"Mjomba, yule ni mutoto wa dada yako."

"Ndiyo, na nataka arudi kwake. Kule Uvira nyumba imejaa watu, tunalala kwa zamu. Nimupeleke wapi?"

"Kwa hiyo ulikuja kumusimamia, ama kumusukuma?"

Shakuru alizidi kuubana mkono wake.

Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Mchana kutwa nyundo zinalia juu ya bati, moja huku, tano kule. Ndani ya kelele ile mtu anaweza kuuawa, na jirani akaja kuazima spana.

Kisha ikaadhiniwa alasiri. Kama ilivyo desturi, mafundi waliweka nyundo chini, garaji moja baada ya nyingine, wakaenda kutawadha. Mtaa ukatulia.

Nyundo moja ikaendelea.

Ilikuwa butu. Du. Kimya. Du.

Houda ni binti wa fundi bodi. Alikulia kati ya nyundo kama wengine wanavyokulia kati ya masufuria. Nyundo ya chuma hulia ikigusa kitu. Ya mpira hailii, na ndiyo sababu mafundi huitumia: hunyoosha bati bila kukwaruza rangi. Akaelewa kile ambacho miaka yote ya ndoa ile hakukielewa, kwa nini Sikuzani alikuwa akitembea amepinda kama bibi kizee huku ngozi yake haina hata mchubuko mmoja.

Akakumbuka na kanzu. Tajudini alikuja na kanzu nyeupe, pana, imepigwa pasi. Katika nyumba ya suluhu, nani humpekua mtu aliyevaa kanzu?

"Mzee, unasikia?"

"Nasikia adhana."

"Chini ya adhana."

Mzee Amissi aliinamisha kichwa akasikiliza. Du. Uso wake ukabadilika, lakini mdomo wake ukabaki upande wa kanuni.

"Inaweza kuwa kiti."

"Mule kuko mukeka na mito. Kiti kiko wapi?"

"Tukivunja mlango, tumevunja suluhu. Akitaka kutoka atafungua. Mke ndiye afungue."

"Kitabu kinasema mupatanishi wa huku na mupatanishi wa kule. Kinasema wapi habari ya mulango?"

"Usinifundishe Kitabu, Houda."

"Apana. Nakuuliza."

Du.

Houda aliinama akamng'ata Shakuru mkono, chini ya kidole gumba, mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Shakuru alipiga yowe akamwachia. Kando ya jiko kulikuwa na kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo. Houda akachomoa mchi, akaurudisha nyuma ya bega, akaupiga mlangoni kwenye kitasa.

Akapiga tena.

Alipoinua mchi mara ya tatu, ufunguo ukazunguka kwa ndani. Mlango ukafunguka.

Aliyesimama mlangoni ni Sikuzani. Mtandio wake ulikuwa umefungwa upya, umebana. Pembe ya mdomo ilikuwa na unyevu mwekundu. Alitazama sakafu.

"Nimekubali," akasema.

Nyuma yake alitokea Tajudini, kanzu bado nyeupe, anatabasamu.

"Dada, na mchi? Unatwanga nini, pilipili ama mulango wa watu?"

"Alhamdulillahi," akasema Shakuru, huku akinyonya damu ya mkono wake.

Houda alikuwa akiutazama mkono ulioshika mlango. Ulikuwa wa kushoto. Sikuzani amelelewa kula kwa kulia, kutoa kwa kulia, kusalimia na kufungua kwa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya mtandio, na mtandio haukuchezacheza kabisa.

Houda akaona hesabu yote ya ndugu yake. Tajudini hakumpiga mkewe kwa hasira. Alimpiga mpaka afungue. Kuanzia sasa, atakayeuliza, awe jirani au polisi, wazee watatu watasema walimwona mke akifungua mlango kwa hiari yake.

"Mzee, tufunge dua," akasema Tajudini. "Nimeacha gari ya mutu bila taa."

Mzee Amissi aliinua mikono. Shakuru akainua mmoja na nusu.

Houda akauegemeza mchi ukutani. Alijua kupiga kelele kungemfanya awe wifi mwenye chuki na si zaidi. Kanuni ndiyo iliyomfungia Sikuzani ndani. Basi na kanuni ifanye kazi nyingine.

"Mzee, bado chai," akasema.

Mikono ya Mzee ikashuka. Ni kweli, bado chai. Suluhu katika nyumba ile haijafungwa mpaka mke ammiminie mumewe chai kwa mkono wa kulia, kutoka kwenye birika la shaba la marehemu mama wa Mzee Amissi, birika kubwa na zito. Hakuna anayeruhusiwa kumsaidia.

"Chai haina haraka," akasema Tajudini. "Mke wangu amechoka."

"Faragha tumefuata kanuni," akasema Houda. "Hii ni kanuni. Ama Mzee, kanuni ni ya mulango tu?"

Mzee Amissi alikohoa. "Chai ni lazima."

Wakaingia, wakaketi mkekani. Houda alilitoa birika kwenye makaa, akaliingiza mwenyewe, likifuka mvuke, akaliweka mbele ya Sikuzani.

"Mimina, wifi. Na mukono wa kulia."

Sikuzani aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama Houda kama mtu anavyomtazama aliyemuuza mara ya pili. Kisha polepole akautoa mkono chini ya mtandio.

Kati ya kiwiko na kifundo cha mkono hakuna kiungo. Mkono wa Sikuzani ulikuwa umepinda hapo. Kiganja kilining'inia, kimevimba, cha rangi ya biringanya. Ngozi haikuwa na jeraha hata moja. Aliupeleka mbele ya birika, vidole vikagusa mpini, havikukunjika.

Mzee Amissi alitazama mkono. Akatazama mkeka. Akatazama mkono tena.

"Alianguka," akasema Tajudini.

"Juu ya mkeka," akasema Mzee.

"Mzee, haya ni mambo ya nyumba yangu."

"Hii ni nyumba yangu. Simama, Tajudini. Geuka, nione umeficha nini mgongoni."

Shakuru alikuwa wa kwanza kusogea, na alisogea kuelekea mlangoni.

Tajudini alisimama taratibu, kama mtoto mtiifu. Hakugeuka. Alipitisha mkono nyuma, chini ya kanzu, na ulipotoka ulikuwa na nyundo ya mpira, kichwa cheusi, mpini mfupi uliong'arishwa na jasho.

"Ulitaka kuona, Mzee. Ona."

Pigo lilimpata Mzee Amissi juu ya bega. Mfupa wa mtulinga ulikatika kwa sauti ya kijiti kikavu, na mzee akaanguka ubavu, kofia ikabingirika hadi kwenye sahani ya tende.

Houda alishika birika kwa mikono miwili akalirusha lote. Chai ilimwagikia Tajudini kuanzia kiunoni kushuka. Alinguruma, akayumba, akapiga bila kutazama. Nyundo ikampata Houda mbavuni, na pumzi zote zikamtoka. Alijikuta amepiga magoti, anaona nyuzi za mkeka moja moja.

Pigo lililofuata lilikuwa linakwenda kichwani kwa Sikuzani. Halikufika. Mzee Amissi, akiwa chini, alikuwa ameudaka upindo wa kanzu kwa mkono uliobaki, na alivuta kwa uzito wote wa mwili wake. Tajudini akaenda chini, goti moja.

"Tokeni," akasema mzee.

Houda alimshika Sikuzani kiuno. Wakatoka wakijikwaa, kizingiti, ngazi, ua. Shakuru alikuwa tayari karibu na geti.

Houda aligeuka ili arudi kumchukua mzee. Akakuta Sikuzani amemtangulia kugeuka.

Kwa mkono wa kushoto Sikuzani alichomoa ufunguo upande wa ndani, akauvuta mlango, akautia ufunguo upande wa nje, akauzungusha mara mbili. Kisha akauchomoa.

"Sikuzani. Mzee iko ndani."

"Najua."

"Atamuua."

"Mi nilikuwa ndani, yeye alingoja nje. Sasa yeye iko ndani, mi nangoja nje."

Alisema bila kupandisha sauti.

Ndani, kitu kilisikika. Du.

"Sikuzani, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mzee Amissi, karibu na sakafu. "Fungua."

"Alisema ni muke anafungua," akasema Sikuzani. "Na akifungua, amekubali. Mi sikubali."

"Mufungulieni," akasema Shakuru kutoka getini. "Apana, musifungue. Yule atatuua wote. Mama, afadhali wabaki humo humo."

"Nyamaza, mjomba," akasema Houda.

Juu ya ukuta wa jirani kikatokea kichwa, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Ni Marcellin, Mkristo wa Bukavu, mchomeleaji. Wenzake wote walikuwa msikitini.

"Mama Houda, kuko nini? Toka adhana nasikia mutu anapiga kitu hakina mulio."

Kwa hiyo na yeye alisikia. Mtaa mzima ulikuwa na masikio mawili tu ya kuijua sauti ile, na jingine lilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Marcellin, una gari?"

"Bon, iko pikapu. Haina milango."

"Hiyo ndiyo nataka. Mupeleke huyu hospitali, kisha polisi. Usimupe mutu yeyote atakayekuja kusema ni ndugu yake. Hata mi."

Marcellin aliuona mkono wa Sikuzani na hakuuliza tena. "Niache kwanza nibomoe ule mulango," akasema.

"Kwanza yeye. Ukirudi, utabomoa."

Kichwa kikatoweka. Upande wa pili injini ikakohoa. Houda akanyoosha mkono kwa Sikuzani.

"Nipe ufunguo."

"Ukifungua, atatoka, wifi. Atanifuata."

"Hatatoka. Mi nitakuwa mulangoni."

"Ulisema vile Gatumba."

"Nilisema. Gatumba sikuwa na mchi."

Sikuzani alimtazama kwa muda. Haikuwa imani iliyokuwa machoni mwake, ilikuwa kupima tu, kama mtu anavyopima kina cha maji kabla ya kuvuka. Akauweka ufunguo kiganjani mwa Houda. Ulikuwa wa moto. Akapita mbele ya mjomba wake bila kumwangalia, na geti likafunguka na kufungwa. Pikapu ikasikika ikiondoka, ikikata kona, ikipotea.

Ndani kulikuwa kimya sasa.

Chini ya mlango chai ilianza kutoka. Ilitambaa juu ya saruji, hudhurungi, na majani yake madogo. Nyuma yake kikafuata kitu kingine kizito zaidi ambacho hakikuwa chai.

Mlango ukagongwa kutoka ndani, taratibu, kwa adabu.

"Dada."

"Ndiyo."

"Ameenda?"

"Ego. Ameenda."

Kitasa kikachezeshwa kwa ndani.

"Basi fungua. Mzee ameshakubali."

Houda aliuchukua mchi kwa mkono wa kulia. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi, na kwa hiyo akavuta fupi fupi. Kwa mkono wa kushoto alitia ufunguo, akauzungusha mara mbili, na mlango ukavutwa kwa ndani kabla hajausukuma.

Kanzu ya Tajudini haikuwa nyeupe tena. Nyuma yake, mkekani, Houda aliona nyayo mbili zikitazama juu, na kofia ya Mzee Amissi imelowa katikati ya tende. Unyayo mmoja ulitikisika. Mzee alikuwa bado hai.

Tajudini akasogea pembeni, akaonyesha ndani kwa nyundo, kama mwenyeji anayempisha mgeni.

"Karibu, dada. Sasa ni faragha yetu."

Houda aliuacha ufunguo mlangoni, upande wa nje, akashika mchi kwa mikono miwili, akaingia.

Swala ilikuwa imekwisha. Nje, moja baada ya nyingine, nyundo za Buyenzi zilianza tena kulia, na baada ya muda mfupi hazikusikika sauti nyingine.

Houda hakumsikia mtu aliyekuja nyuma yake kwa kunyata kutoka getini. Aliona tu mwanga ukipungua, akageuza kichwa, na katika upenyo uliobaki aliuona mkono wa mwanamume ukivuta mlango, wenye alama mbichi za meno chini ya kidole gumba.

Ufunguo ukazunguka mara mbili.